Faiba Chini ya Minyaa

Jana tulimaliza matanga ya Fundi Jumaa, nyumbani kwake Kikuyu, hapa hapa Dodoma mjini. Nilikaa mkekani na wanawake wengine tangu siku ya kwanza, na sikusema mengi, kwa sababu mimi si msemaji hata penye furaha. Watu walinitazama wakingoja nichekeshe. Fundi alikuwa Mrangi wa Kondoa, mimi ni Mgogo, na utani wetu wa kazini kila mtu aliujua. Mtani hanyamazi msibani. Lakini ulimi wangu haukunyanyuka. Nilichoweza ni kupokea vyombo, kuosha vyombo, na kusikiliza. Nje, chini ya turubai, vijana wawili wa jirani walikuwa wakibishana, kila mmoja na simu yake mkononi. "Waya umepitwa na wakati, kaka," alisema mmoja. "Siku hizi kila kitu kinapita hewani." Mwenzake akamjibu, "Na huo mnara unaokupa hiyo hewa, umewahi kutazama chini yake? Umejaa waya." Wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakainamisha vichwa. Nilikuwa nimebeba sahani, na kwa mara ya kwanza tangu afe nilitabasamu. Fundi angekuwepo angeinuka kwenye kiti, angevuta suruali juu ya tumbo, angewapa somo mpaka chai yao ipoe. Ndipo nikaukumbuka mwaka wa kwanza niliofanya kazi naye. Sijawahi kuuandika. Nauandika sasa, na nitaandika yale ninayoyakumbuka tu.

Nilikuwa msichana niliyefeli kidato cha nne, kibarua wa kuchimba mitaro huko Zuzu, kando ya reli, ambako Fundi alikuwa amepewa kazi ya kulaza waya. Wengine walichimba kwa kufuata miguu yao. Mimi nilichomeka kijiti mbele na kukiendea. Fundi aliutazama mtaro wangu akauliza, "We Mgogo, nani kakufundisha kunyoosha?" Nikamwambia hakuna, naogopa tu kurudia kazi. Akacheka, na kazi ya Zuzu ilipokwisha akanichukua stoo. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwake, na ndicho chumba ninachokijua kuliko vyote nilivyolala maishani. Kulikuwa na magurudumu makubwa ya waya yaliyosimama ukutani, madishi yaliyofunikwa magunia ili vumbi lisiingie, na meza moja iliyotumika kwa kazi asubuhi na kwa chakula mchana. Mkewe, Mama Rukia, alikuwa akituletea makande kwenye sufuria, akasogeza koleo na bisibisi kwa kiwiko, akaweka sufuria katikati. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi na maharage yanayochemka naisikia na ile ya plastiki mpya ya waya, kama vile vilipikwa chungu kimoja.

Somo lilikuwa wakati wa kula. Fundi hakuwa na ubao. "Shaba inabeba umeme," alisema huku akitafuna, "faiba inabeba mwanga, na hewa inabeba chochote utakachoirushia, ila haikukuahidi kukifikisha." Siku moja alinipa ncha ya faiba, uzi wa kioo mwembamba kama unywele, akaniambia niishike juu ya ukurasa mweupe, nisiitazame kwa jicho. Yeye akaenda upande wa pili wa gurudumu, akaweka tochi yake ndogo ya mwanga mwekundu kwenye ncha nyingine. Faiba yote ilikuwa imezungushwa pale kwenye gurudumu, mizunguko isiyohesabika, lakini kwenye ukurasa wangu kikatokea kidoa chekundu. Nilipiga kelele. Mama Rukia akachungulia, "Kuna nyoka?" Fundi akamjibu, "Hapana, kuna mwanafunzi." Sijui kama aliwahi kujua neno lile lilinifanyia nini. Mimi nilikuwa nimeshajihesabu kuwa si mwanafunzi tena wa kitu chochote.

Kiangazi cha mwaka huo tulipata kazi ya Busi, kule vilimani Kondoa. Kulikuwa na shule ya sekondari iliyopewa chumba kizima cha kompyuta na mradi mmoja wa mjini. Sharti la mradi lilikuwa moja: kompyuta ziwe zimeunganishwa na mtandao unaofanya kazi mfululizo, la sivyo zinahamishiwa shule nyingine. Mwalimu aliyekabidhiwa chumba hicho aliitwa Hamida, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kupasua mawe. Alikuwa amepaka kuta chokaa mwenyewe, na mlangoni aliweka beseni la maji ili wanafunzi wanawe miguu, kwa kuwa vumbi la kule halibagui. Alituambia wazi tulipofika, "Watoto wangu wakitaka kuomba vyuo hupanda gari mpaka Kondoa mjini. Wasichana wengine wazazi hawawaruhusu safari hiyo. Kompyuta zikiondoka hapa, hao ndio wamekwisha. Sasa Fundi, fanya utakavyofanya."

Shule ilikuwa bondeni, haiuoni mnara wa mjini. Kilima kilichokuwa juu yake kiliuona. Kwa hiyo tuliweka mlingoti na kisanduku chenye betri na paneli ya jua juu ya kilima, dishi moja likaelekea mnara, jingine likashuka kuelekea paa la shule, na kwenye paa tukafunga dishi la kulipokea. Katikati palikuwa na korongo na miti mikubwa kandokando yake, imepukutika yote, matawi makavu kama vidole vya wazee. Ungeweza kusimama kilimani ukahesabu bati za shule kupitia kwenye miti ile. Nilipanda paa mimi, Fundi akiwa kilimani na simu sikioni. "Kulia kidogo. Kidogo nimesema, Mgogo, si kufungua mlango wa ng'ombe! Hapo hapo. Kaza." Mtandao ukashuka kama maji. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda kwa Mwalimu Hamida, na asali kwenye kibakuli, na wanafunzi walikataa kutoka kwenye kile chumba mpaka mlinzi alipotikisa funguo.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mwalimu Hamida alipiga simu. Tulikuwa mezani. Fundi aliiweka sauti juu. "Fundi, mtandao umekufa. Si kukatika katika, umekufa." Tulipanda gari tukiwa na hofu ya radi, kwamba imepiga mlingoti. Tulipofika kilimani kila kitu kilikuwa kizima, taa zinawaka, betri imejaa. Fundi akaniambia nitazame shule. Nikatazama, nikaona kijani tupu. Ile miti ya korongoni ilikuwa imevaa majani yote, mapana, yanadondosha maji, na nyuma yake hapakuwa na shule wala bati. Hewa haipitishi salamu kwenye ukuta wa majani yaliyolowa. Fundi alikaa juu ya jiwe. Nilidhani anaumwa, kumbe anacheka. "Mrangi mzima wa Kondoa," alisema, "na Mgogo mzima wa Dodoma. Tumezaliwa tunaona miti inapukutika na kuvaa kila mwaka. Angekuja mgeni wa Ulaya ningemsamehe." Nami nikacheka, ingawa nilijua bwana aliyesimamia ule mradi wa kompyuta naye atapigiwa simu.

Alikuja kesho yake. Sitamsema vibaya, alikuwa mtu mpole, naye alikuwa na wakubwa wake. Alisimama kwenye chumba cha kompyuta, viatu mkononi, maana hata yeye alinawishwa miguu. "Mzee wangu," alimwambia Fundi, "mimi sitaki kuzibeba. Lakini shule zikifungwa na mtandao haupo, nitakuja na gari." Mwalimu Hamida aliinamia meza. Alikuwa akifuta kompyuta moja kwa kanga, akiifuta pale pale, pasafi.

Njia fupi ilikuwa kukata miti. Miti ile ilikuwa shambani kwa mjane mmoja, Bibi Mwasiti, naye alikuwa ametundika mizinga ya nyuki humo. Tulimwendea nyumbani kwake. Alikuwa anachambua mbegu za uwele kwenye ungo, hakuinuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ninyi ndio mnaotaka kuwafukuza nyuki wangu?"

Fundi akasema hatukuja kufukuza, tumekuja kuuliza.

"Basi mmeuliza. Mti sikati. Asali ya mizinga hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yake huyo mwalimu wenu."

Mwalimu Hamida, aliyekuwa nyuma yetu, akasema taratibu, "Ni kweli." Nami sikujua mpaka dakika ile kwamba Bibi Mwasiti alikuwa bibi yake mzaa mama. Angeweza kumlilia. Hakumlilia. Nilimheshimu tangu hapo.

Njiani kurudi ndipo Mwalimu alipouliza, "Si mna waya? Gurudumu zima liko kwenye gari." Fundi alimweleza akitembea. Waya ule wa shaba ni wa ndani ya nyumba, kutoka chumba hadi chumba. Ukiuvuta mbali, ujumbe unachoka njiani, unafika umekuwa kelele. Na hata kama usingechoka, kuvuta shaba kutoka kilimani hadi darasani katika nchi yenye radi kama ile ni kuitandikia radi mkeka: itapiga juu, itateremka, itaua kompyuta zote kwa pigo moja. "Faiba je?" niliuliza. Akasimama. Stoo Kikuyu tulikuwa na mabaki mawili ya faiba kutoka kazi nyingine. Tukiyaunga, yatafika. "Kioo hakiijui radi," alisema. "Lakini kinataka mtaro, kutoka kule juu mpaka hapa, na ni wakati wa kupanda. Nani ataacha shamba lake mvua ya kwanza aje achimbe mtaro wa kompyuta?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu, na mtu asiyelima hawezi kulielewa. Nchi yetu ya kati mvua haibembelezi. Ukichelewa kupanda, umekula hasara ya mwaka mzima. Aliyetuonyesha njia ni Bibi Mwasiti mwenyewe, aliyekuja shuleni jioni akiwa na jembe begani. Alisema, "Mti sikati, lakini sikusema sitaki mtoto asome. Huku mtu haombi mikono msimu huu kama hajatoa yake. Anzeni kupanda kwa watu." Ndivyo ilivyokuwa desturi yao, na kwetu pia si ngeni: leo tupo kwako, kesho mpo kwangu. Kwa hiyo Fundi Jumaa, mwenye vyeti vyake na mashine zake, na mimi, na Mwalimu Hamida, na wanafunzi wa kidato cha tatu baada ya vipindi, na wale wa cha nne waliokuwa wamemaliza mtihani, tulipanda. Tulianza kwa Bibi Mwasiti, tukafuata kila shamba ambalo mtaro ungelipitia. Tulipanda uwele, mtama, alizeti. Fundi alikuwa mlegevu wa jembe, na wanawake wa Busi hawakumwacha. "Fundi, unapanda au unatafuta ulichodondosha?" "Mwacheni, yeye kazoea waya, hajui udongo una kina!" Naye akawajibu, "Mkinicheka nitawafungia dishi linaloangalia chini." Mchana tulikula viazi vya kuchemsha na togwa ya baridi, migongo ikilia, na wazee waliokuwa hawatujui waliniita mwanangu.

Kisha wenye mashamba wakaja kutulipa mikono. Nilidhani watakuja wachache. Niliamka nikakuta uwanja wa shule umejaa majembe na sururu, na akina mama wameshawasha moto chini ya masufuria ya togwa. Mabishano yalikuwa juu ya njia ya mtaro. Fundi alitaka mstari mfupi, katikati ya mashamba. Mwenye shamba mmoja, mtu mzima aliyekuwa haongei, akatikisa kichwa. "Mwakani nitalima hapo. Jembe halina macho." Akatuonyesha mpaka wa shamba lake, ule mstari wa minyaa, miti ya ua yenye utomvu, unaopanda kilima ukipinda pinda kutoka shamba hadi shamba. Hakuna mtu anayelima mpaka. Hakuna anayeusogeza, maana ni ugomvi wa ukoo. Kilicholazwa mpakani kitakaa. Ilikuwa njia ndefu zaidi, lakini mabaki yetu mawili tuliyoyaleta kutoka stoo yalitosha, tena yakabaki kidogo. Tukachimba chini ya minyaa, watu wakiimba Kirangi, nyimbo ambazo sikuzielewa ila kila zilipotaja "Mgogo" wote walinigeukia wakicheka. Nikawauliza wanaimba nini. Mwalimu Hamida akasema, "Wanauliza kama Mgogo huyu ameolewa."

Mtaro ulikuwa umekwisha na faiba imelazwa kwenye mchanga, imebaki kuunga tu, Fundi alipoinamia shina moja kuondoa tawi lililoning'inia. Lilivunjika, na utomvu mweupe wa minyaa ukamrukia machoni. Anayeijua minyaa anajua utomvu wake unavyounguza macho. Alianguka kwa magoti, mikono usoni. Tulimwosha kwa maji, ndoo baada ya ndoo, akapelekwa zahanati, akarudi amefungwa kitambaa usoni. Mganga alisema macho yatapona, ila asiyafungue kwa siku kadhaa. Shule zilikuwa zinafungwa kesho yake.

Fundi alikaa kwenye kigoda barazani kwa Bibi Mwasiti, uso umefungwa, akaniita. "Yusta." Hakuwa na kawaida ya kuniita jina langu. "Utaunga wewe." Nilimwambia sijawahi. Nilikuwa nimemshikia tochi, nimempangusia mashine, nimeona akifanya, lakini mkono wangu haujawahi kuunga hata mara moja. "Nami sijawahi kuwa kipofu," alisema. "Wote tunaanza leo."

Maungio yalikuwa jirani na ukuta wa Bibi Mwasiti, kwa hiyo tulipitisha ncha mbili dirishani tukaziingiza chumbani kwake. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, jua likatoka, na kama mjuavyo, kumbikumbi wakafumuka ardhini, maelfu, wakaingia kila mahali penye mwanga. Watoto walikuwa wanawakusanya kwa ndoo, wanapiga vigelegele. Bawa moja la kumbikumbi likiingia kwenye maungio, kazi imeharibika. Nikapanda kitandani kwa Bibi Mwasiti na mashine ya kuungia, nikateremsha chandarua, nikachomeka pindo zake chini ya godoro pande zote. Humo ndimo nilimofanyia kazi, nimekunja miguu, ncha mbili za faiba mapajani, na kumbikumbi wakigonga chandarua kama mvua. Fundi alisogezwa mpaka ukutani, akawa ananiongoza kwa masikio. "Umeimenya? Ipanguse kwa spiriti. Kata. Nisikie mlio." Kisu cha faiba kina mlio wake, kidogo sana, kama mtu anayekatiza neno. "Huo si mlio. Kata tena." Nikakata tena. "Huo hapo." Nikaziweka ncha kwenye mashine, nikaona zikisogeleana kwenye kioo chake, zikagusana, cheche ikawaka mara moja. Mashine ikatoa jibu: mbaya. Jasho likanidondoka kwenye shuka ya mwenye nyumba. Nikasema, "Fundi, imekataa." Akasema kwa sauti ile ile ya somo la wakati wa makande, "Haijakataa. Imeomba uirudie." Nyuma yake nikamsikia Bibi Mwasiti akiwafokea watoto wanyamaze, maana kuna mtu anashona.

Niliirudia. Nilikata, nikausikia ule mlio, nikaziweka ncha tena. Mashine ikasema nzuri. Nilimsomea Fundi alichotaka kusikia, naye akaegemeza kichwa ukutani, akapumua.

Nimeunga faiba nyingi tangu siku ile. Nimeunga ndani ya mashimo ya barabarani, juu ya ngazi, ndani ya ofisi zenye mazulia, na nimewafundisha wengine kusikiliza kile kisu. Jana nikiosha vyombo nilikuwa nikiwaza kwamba hakuna hata moja niliyoiunga ambayo haikuwa na mkono wake. Hilo si la kulilia tu. Watu wengi huzikwa na kazi yao. Yeye kazi yake inapita chini ya miguu ya watu, inabeba mwanga, na wengi wao hawajui hata jina lake.

Asubuhi ya kufunga shule mawingu yalikuwa meusi. Bwana wa mradi alifika mapema, na gari lilikuwa nyuma yake, limefunikwa turubai, na ndani kuna maboksi matupu na magodoro makuukuu ya kukinga kompyuta zisigongane. Mvua ikaanza kabla hajashuka. Haikuwa manyunyu, ilikuwa ile mvua ya kwetu inayokuja kama imetumwa. Miti ya Bibi Mwasiti ilikuwa inapepesuka, mizito kwa majani na maji. Chumbani, Mwalimu Hamida alikuwa amewakalisha wasichana wa kidato cha nne, kila mmoja na fomu ya chuo mbele yake kwenye kompyuta. Radi ikapiga kilimani, karibu sana, chumba kikawa cheupe. Tuliruka wote. Bwana wa mradi alishika ukuta. Fundi, kitambaa usoni, aligeuza sikio lake upande wa kompyuta na kuuliza, "Vipi?"

Msichana wa mstari wa mbele alikuwa anaendelea kuandika. Hakuinua hata kichwa. Tulisikia vidole vyake, kisha vya jirani yake, kisha vya chumba kizima. Halafu mmoja akapaza sauti, "Mwalimu! Imepokelewa! Wameniandikia kwamba imepokelewa!" Mwalimu Hamida akakaa chini sakafuni, kanga yake ikishika chokaa ya ukuta, akacheka kwa ile sauti ya kupasua mawe mpaka mvua ikaonekana imepungua. Bwana wa mradi alinyoosha mkono akamshika Fundi bega, akalishika kwa muda, na nadhani na yeye alikuwa anafurahi.

"Yusta," Fundi aliita. "Lile gari lipo?"

"Lipo, Fundi. Dereva anafungua turubai."

"Basi kamwambie."

Nilitoka nje, nikaingia mvuani bila kiatu wala mwavuli, nikavuka uwanja mzima nikiwa nimelowa chapachapa, nikagonga kioo cha gari. Dereva akakishusha kidogo, akanitazama. Mimi ambaye si msemaji, nilisema kwa sauti ambayo chumba chote kiliisikia:

"Kaka, geuza gari. Hapa hakuna mzigo."